Kuzindua Riwaya Uliyoichapa Mwenyewe Mtwara na Lindi

Mwandishi anayechapa riwaya kwa fedha zake huku Kusini mara nyingi hukosea kabla muswada haujafika kiwandani. Huchagua tarehe ya uzinduzi kwa kufuata likizo ya watoto wake au nafasi ya mgeni rasmi. Siku ikifika ukumbi unajaa, makofi yanapigwa, picha zinapigwa, na nakala zinazouzwa ni 14. Wageni hawakukikataa kitabu. Ni Machi, pesa ya korosho imekwisha kuliwa, ufuta bado uko shambani, na mwenye noti ya elfu kumi mfukoni ameshaipangia unga.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kalenda. Uhariri, jalada, redio na WhatsApp vyote hupangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma, kutoka siku ambayo watu watakuwa na pesa.

Pesa ina msimu wake

Minada ya korosho ya stakabadhi ghalani, ambako mkulima huweka mazao ghalani na kupewa risiti hadi yanunuliwe, hufunguliwa Oktoba, na malipo ya wakulima kupitia AMCOS, vyama vyao vya ushirika, huendelea kuingia hadi Desemba, mengine Januari. Pesa hiyo haiishii kwa mkulima. Bodaboda, mama lishe, fundi cherehani na mwalimu mwenye ekari zake mbili za mikorosho wote huchangamka. Kwa Mtwara mjini, Masasi, Newala na Tandahimba, dirisha zuri ni kuanzia katikati ya Novemba hadi wiki ya kwanza ya Desemba. Baada ya hapo watu wanawaza sikukuu, na Januari ikiingia ni ada, sare na madaftari.

Lindi ina dirisha lake la pili: ufuta. Minada yake huchangamka Juni na Julai, na katikati yake kuna tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliipitisha mwaka 2021. Siku hiyo shule na maofisa utamaduni hutafuta kitu cha kuonyesha, na riwaya mpya ya mwandishi wa hapahapa ni kitu cha kuonyesha. Mwezi mmoja baadaye kuna maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Ngongo. Ushauri wetu: zindua Mtwara Novemba, kisha ipeleke riwaya Lindi Julai kama habari mpya. Anayetaka kumaliza mikoa miwili kwa siku moja humaliza nauli tu.

Kagua pia mambo mawili kabla ya kuandika tarehe. La kwanza ni Ramadhani, ambayo husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Usiweke hafla ya mchana yenye chai ndani ya mwezi huo. La pili ni jando na unyago. Wakati wa likizo, Jumamosi moja inaweza kuwa na ngoma tatu katika mtaa mmoja, na hakuna riwaya inayoshindana na mwali anayetoka. Muulize mwenyekiti wa mtaa. Yeye anajua nani ana shughuli lini.

Hesabu kurudi nyuma

Tuchukue Jumamosi ya tatu ya Novemba. Maboksi ya vitabu yawe Mtwara wiki ya kwanza ya Oktoba, ili zibaki wiki sita za kutangaza. Maana yake uchapaji ufanyike Septemba, nakala ya majaribio ikaguliwe Agosti, upangaji wa kurasa, jalada na maombi ya ISBN (namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu) viwe Julai, na uhariri uwe umekwisha mwishoni mwa Juni.

Kiwanda kikikuahidi wiki mbili, wewe andika nne. Kuanzia Oktoba wachapaji hushika kazi za kalenda na shajara za mwaka unaofuata, na riwaya ya nakala 300 husukumwa nyuma ya foleni. Barabara nayo ina tabia zake. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita zinazokaribia 560, na Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika upande wa Somanga wilayani Kilwa na magari yakakwama. Mizigo ya masika ni kamari.

Kutokana na hayo inatoka kanuni moja isiyo na msamaha: kadi ya mwaliko haichapwi, na tarehe haitangazwi redioni, mpaka maboksi yako ndani ya chumba chako na umefungua angalau moja. Uzinduzi wa jalada lililochapwa kwenye bango huku vitabu viko njiani ni aibu inayokumbukwa kuliko riwaya yenyewe.

Muswada kabla ya kiwanda

Lipia watu wawili tofauti. Mhariri anatazama hadithi: wapi inalegea, mhusika gani ametoweka sura ya saba, kwa nini mvua inanyesha Agosti. Msomaji wa prufu anatazama herufi. Mtu mmoja akifanya kazi zote mbili, macho yake yameshazoea makosa na anayapita.

Kama wahusika wako wanaongea Kiswahili cha Kusini, au wanachomeka Kimakonde, Kimwera au Kiyao, mwambie mhariri mapema. Vinginevyo atasanifisha maneno uliyoyaweka kwa makusudi, na bibi wa Nanyumbu atazungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Kwenye upangaji wa kurasa kuna mtego ambao Kiswahili huangukia kila mara. Programu nyingi hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, hivyo utakuta "nyumb-" juu na "ani" chini. Zima ukataji huo, au kata kwa mkono baada ya irabu: nyu-mba-ni. Mtego wa pili ni ritifaa ya ng'. Ukihamisha maandishi kutoka programu moja kwenda nyingine, inaweza kugeuka alama ya kufungua nukuu, au neno likakatika hapohapo. Tafuta "ng" katika faili zima na ukague moja baada ya jingine. Kazi hiyo haizidi saa mbili.

Jambo moja la kuamua kabla hujachapa hata nakala moja: tuzo. Zipo tuzo zinazopokea miswada ambayo haijachapishwa pekee. Soma masharti ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ya tuzo nyingine unazozitamani. Ukishachapa, mlango wa aina hiyo hauufungui tena kwa kitabu hicho.

Namba, haki na ukurasa wa pili

ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ina tarakimu 13, na za Tanzania nyingi huanza na 978-9976 au 978-9987. Iombe jina la kitabu likishakuwa la mwisho kabisa. Msimbo pau, yaani ile michirizi ya jalada la nyuma inayosomwa na mashine, utengenezwe kutokana na namba hiyo na uwe mweusi juu ya nyeupe. Wasanifu wanapenda kuuweka mwekundu juu ya kahawia ili ufanane na jalada, na mashine ya dukani haiusomi. Ukitoa pia toleo la kielektroniki, hilo linahitaji ISBN yake. Kitabu kikitoka, peleka Bodi nakala za amana, yaani za kuhifadhiwa.

Hakimiliki yako inazaliwa na maandishi yenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kwa maisha yako yote na miaka 50 baadaye. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi wa kushika mkononi siku utakapokuta faili la riwaya yako linauzwa kwa shilingi 1,000 kwenye kundi la WhatsApp, na siku hiyo inaweza kufika.

Ukurasa wa hakimiliki uwe na jina la mwandishi, mwaka, ISBN, jina la mchapaji, jina la msanifu wa jalada, na namba ya simu ya kuagizia. Hiyo ya mwisho husahaulika. Kitabu kikishafika Liwale mkononi mwa mtu usiyemjua, ndiyo duka lako pekee.

Kiwandani

Riwaya nyingi za hapa huchapwa kwa ukubwa wa A5, milimita 148 kwa 210. Karatasi ya ndani gramu 80, jalada gramu 250 hadi 300 lenye plastiki juu. Chagua plastiki isiyong'aa kama unaweza: inayong'aa huonyesha alama za vidole, na kwenye joto la pwani jalada jembamba hujikunja kama jani la mgomba.

Uliza kiwanda kinakunja karatasi kwa kurasa ngapi. Wengi hukunja kwa 16. Riwaya ya kurasa 240 ni mikunjo 15 kamili. Ikiishia ukurasa wa 243, unalipia hadi 256 na unabaki na kurasa 13 tupu. Punguza nafasi za mistari kidogo urudi 240, au zitumie kurasa hizo kwa maelezo ya kuagiza na sura ya mwanzo ya kitabu kijacho.

Unene wa mgongo uupate kabla msanifu hajamaliza jalada. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1. Kurasa 240 ni karatasi 120, hivyo mgongo ni milimita 12 hivi, lakini mchapaji athibitishe kwa karatasi yake. Jalada lote, mbele, mgongo na nyuma, liwe faili moja la PDF lenye milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa. Maandishi yasikaribie ukingo chini ya milimita 8, kwa sababu kisu cha kiwanda huteleza.

Usikubali kazi kwa kuangalia kompyuta. Dai nakala moja ya majaribio iliyochapwa na kugundishwa, hata kama unailipia zaidi. Ifungue katikati hadi igande mezani: gundi ikipasuka na kutoa mlio, kurasa zitachomoka kabla msomaji wa tatu hajaazima. Hesabu namba za kurasa moja hadi mwisho, maana mikunjo ikipangwa vibaya ukurasa wa 48 hufuatwa na 65. Linganisha rangi ya jalada na uliyoitarajia: kijani cha mkorosho kwenye skrini hutoka cheusi karatasini picha ikiachwa kwenye rangi za skrini badala ya rangi nne za uchapaji. Saini nakala hiyo, andika tarehe, kiachie kiwanda, na wewe baki na picha yake. Ugomvi ukitokea, hiyo ndiyo hati yenu.

Nakala moja ya namna hii ina uzito wa gramu 315 hivi. Nakala 300 ni kilo 95, yaani maboksi sita ya nakala 50, kila moja karibu kilo 16. Boksi kubwa la nakala 100 linaonekana nafuu kwa mpakiaji wa basi, lakini hakuna anayelibeba kwa upole, na pembe za vitabu vya chini huvunjika. Funga kila boksi kwa nailoni ndani, andika jina na simu pande mbili, uchukue risiti ya mzigo yenye idadi ya maboksi. Likifika stendi ya Mkanaledi, lifuate siku hiyohiyo. Gundi ya moto hulainika boksi likianikwa juani.

Nyumbani usiweke boksi juu ya sakafu ya saruji wala kugusa ukuta. Unyevu wa Shangani au Mikindani hupanda kimyakimya na mchwa hufuata. Mbao mbili chini, nafasi ya kiganja nyuma, na boksi lisibebeshwe zaidi ya mengine matatu juu yake.

Bei kabla ya kuichapa jaladani

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo tufanye hesabu yenyewe. Namba hizi ni za mfano; weka zako ukishapata bei za wachapaji wasiopungua watatu.

Kuchapa nakala 300 kwa shilingi 6,500 ni 1,950,000. Uhariri na prufu 400,000. Kurasa na jalada 300,000. Usafiri 60,000. Hafla yenyewe, viti, vipaza sauti, chai na mabango, 400,000. Jumla 3,110,000. Ukigawa kwa 300 unapata 10,367, na moyo unatulia. Usitulie. Toa nakala 30 za amana, za redio, za mhariri, za mgeni rasmi na za shangazi asiyelipa. Zimebaki 270 za kuuza, na kila moja sasa imekugharimu 11,519.

Weka bei ya 15,000. Duka likichukua asilimia 30, linakurudishia 10,500: unalilipa duka shilingi elfu moja na ushee kwa kila nakala ili likuuzie kitabu chako. Weka 18,000. Duka linakurudishia 12,600, faida ni elfu moja tu na kidogo. Ukiuza kwa mkono wako, faida inakaribia 6,500. Mtaji wote unarudi ukishauza nakala 173 kwa mkono.

Hesabu inasema mambo mawili. Riwaya ya nakala chache haiishi kwa maduka. Inaishi kwa mauzo ya mkono, na hafla ya uzinduzi ndiyo mauzo ya mkono makubwa kuliko yote utakayoyapata. Na usichape bei jaladani. Itie kwa kibandiko, ili Julai ukiwa Lindi uwe huru kuibadili.

Wiki sita za kutangaza

Anza na orodha. Andika kwenye daftari majina 150 ya watu unaoweza kuwapigia simu: mliosoma pamoja, walimu wako, wa msikitini au kanisani, wa kikoba, wenzako kazini, Wanakusini walioko Dar es Salaam. Hao wa mwisho ni wanunuzi wazuri kuliko unavyodhani. Mtu aliyeondoka Nachingwea miaka 20 iliyopita hununua riwaya inayotaja Nachingwea hata kabla ya kuuliza inahusu nini.

Kila mmoja apate ujumbe wake, kwa jina au cheo chake. Ujumbe uliosambazwa kwa wote hujulikana kwa harufu. Mfano:

"Shikamoo mwalimu. Riwaya yangu imetoka, kurasa 240. Inahusu ndugu watatu wanaogombea mikorosho ya marehemu baba yao Tandahimba. Bei ni 18,000, ila ukilipia kabla ya tarehe 7 Novemba unaipata kwa 15,000, nami nitakuandikia jina lako ndani kwa mkono wangu. Nikuwekee moja?"

Ona umekwisha vipi: kwa swali linalojibika kwa neno moja. Kuunga mkono sanaa hakukutajwa popote, wala ndoto za utotoni. Kuna ugomvi wa ndugu, kuna mikorosho, kuna bei. Malipo ya kabla yana kazi mbili: yanakurudishia pesa ya kulipia ukumbi, na yanakuhakikishia watu wa kuja kuchukua kitabu chao. Lengo la nakala 60 zilizolipiwa kabla si kubwa kwa orodha ya watu 150, mradi uwapigie simu wasiojibu.

Kuna desturi ya kugawa kadi za michango kama za harusi. Hatuipendi. Msimu wa korosho kila mtu ana kadi tano mezani, na aliyechangia 20,000 hujiona ameshamaliza, hanunui kitabu wala hakisomi. Muuzie kitabu.

Kwenye hali (status) ya WhatsApp weka kitu kimoja kwa siku, si kumi. Jalada litume kwa njia ya dokumenti, maana likitumwa kama picha hubanwa na herufi hufifia. Kabla ya hapo lipunguze hadi ukubwa wa stempu uone kama jina la kitabu bado linasomeka. Lisiposomeka, rudi kwa msanifu. Sauti ya sekunde 60 hadi 90 ukisoma aya yenye mabishano hufanya kazi kuliko bango lolote. Sura ya kwanza itoe bure. Faili zima la riwaya usimtumie mtu yeyote, hata mtangazaji, hata binamu. Mpe kitabu cha karatasi.

Redio bado ndiyo mfalme wa vijiji vya huku. Jamii FM ya Naliendele na Mashujaa FM ya Lindi zinasikika mahali ambapo bando halifiki. Kosa ni kwenda kuomba "muda wa kuongelea kitabu changu". Mtangazaji anatafuta mjadala utakaowafanya wasikilizaji wapige simu. Kama riwaya yako ni ya urithi, pendekeza kipindi kuhusu mikorosho ya urithi na watoto wa kike, na kitabu kiingie humo. Mpelekee ukurasa mmoja wenye jina la kitabu, mistari mitatu ya hadithi, maswali matano anayoweza kukuuliza, na kipande cha dakika moja cha kusoma. Beba nakala mbili za kuwapa wasikilizaji wawili watakaojibu swali. Taja mahali na saa ya hafla mara tatu, mwanzoni, katikati na mwishoni, kwa sababu msikilizaji wa redio anaingia na kutoka.

Mabango ya A3 yatosha 20. Yabandike kwa ruhusa maktaba ya mkoa, vyuoni, kwenye steshenari, saluni na vinyozi. Kwa kinyozi mtu hukaa nusu saa akitazama ukuta.

Shuleni uwe na adabu na ukweli. Pita kwa mkuu wa shule au ofisa elimu, usiwauzie wanafunzi getini. Usiseme kitabu ni cha kiada kama hakina ithibati ya kutumika hivyo. Kiuze kwa maktaba ya shule kama kitabu cha ziada, na kama kina mambo ya chumbani, sema mwenyewe kabla mzazi hajaja kusema.

Siku yenyewe

Barua ya ukumbi na ya kumjulisha mtendaji wa kata na ofisa utamaduni wa manispaa ziende angalau wiki tatu kabla. Ikiwa ni uwanjani na kuna vipaza sauti, polisi nao wajue. Ukumbi wa watu 100 uliojaa unauza kuliko wa 300 wenye watu 120 waliotawanyika. Boma la Kale la Mikindani, ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895, linapendeza sana kwa picha, ila kumbuka wageni wako wanarudi Mtwara mjini kilomita 10 jioni. Kodi daladala moja ya kuwarudisha, au chagua ukumbi wa Ligula, palepale mjini.

Anza saa kumi, watu wakitoka kuswali alasiri, umalize kabla ya magharibi. Una dakika 90 na si zaidi. Ngoma moja ya kufungulia, dakika 10, basi. Sindimba ikichanganya, watu hutoka nje kuifuata na hawarudi kusikiliza sura ya kwanza.

Kitabu kizinduliwe dakika ya 20 na mauzo yafunguliwe papo hapo. Ukiweka uzinduzi mwisho, baada ya hotuba tano, wageni wanaondoka wakitazama saa. Mgeni rasmi akichelewa, soma kwanza. Soma dakika tano tu, mahali penye watu wawili wanaobishana, na ukate kabla jibu halijatolewa. Msikilizaji anunue jibu.

Mezani wakae watu wawili, mmoja anapokea pesa, mwingine anatoa kitabu na kuandika. Mwandishi asikae hapo. Atawapunguzia bei jamaa zake. Yeye awe meza nyingine ndani, akisaini. Kwa bei ya 18,000 wengi watatoa noti mbili za elfu kumi, hivyo tafuta noti 40 za elfu mbili benki Ijumaa. Lipa namba ichapwe kubwa kwenye karatasi ya A4 na ijaribiwe siku iliyotangulia kwa shilingi 1,000. Kitabu kitoke baada ya ujumbe wa malipo kuingia kwenye simu yenu. Ujumbe ulioko kwenye simu ya mnunuzi hauhesabiki.

Nakala ya kwanza mara nyingi hunadiwa, na waliochangamka huahidi: "Mimi nachukua kumi." Ahadi hizo zina ugonjwa wake. Mtu mwenye daftari amfuate muahidi kabla hajaketi vizuri, aandike jina, simu, idadi na siku ya kulipa, na apige simu kesho asubuhi. Ahadi iliyopita siku saba bila simu, ifute usiihesabu.

Baada ya viti kurudishwa

Maduka yanakuja sasa, kwa mali kauli: wauze kwanza, wakulipe baadaye. Nakala tano kwa steshenari, si 30. Andikeni karatasi mbili zenye tarehe, idadi, bei, fungu la mwenye duka na siku ya kufanya hesabu, kila mmoja abaki na yake. Pita kila baada ya siku 30. Duka ambalo baada ya miezi miwili halijauza hata moja, chukua vitabu vyako kwa heri. Vikikaa dirishani jua hula rangi ya jalada, na hakuna anayenunua riwaya iliyopauka.

Weka pembeni nakala 60 kwa ajili ya Lindi mwezi Julai, hata kama unaona zingeisha Desemba. Na weka mezani nakala moja yako yenye kalamu nyekundu. Wasomaji watakupigia simu kukuambia kuna kosa ukurasa wa 112. Washukuru, lipige mstari, andika tarehe. Mkikubaliana na mchapaji kurudia, makosa hayo ya herufi yasahihishwe, ukurasa wa hakimiliki uandikwe "chapa ya pili" na mwaka wake, na ISBN ibaki ileile. Ukiongeza sura au kubadili mwisho wa hadithi, hilo ni toleo jipya, na linaomba namba mpya.